Mtaro mpya, nyumba nne zinajaa maji. Mtaro wa kwenu Bagamoyo unaishia wapi?

#1 Mkaa Pwani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bagamoyo, upande wa kuteremkia soko la samaki. Kitongoji sikitaji, maana nikikitaja hapa kesho asubuhi mjomba wangu ataulizwa kwa nini namwanika.

Kisa chenyewe hiki. Tulilia mtaro miaka mingi. Mwaka juzi ukaja kweli: mawe yamepangwa vizuri, sakafu ya zege, mita mia mbili na kitu. Watoto wakawa wanacheza ndani, wazee wanakaa ukingoni jioni na kahawa zao. Masika ya kwanza tukajua tumeletewa nini. Zamani maji yalikuwa yakitawanyika kila upande, mengine yakinywewa na mchanga, mengine yakilala barabarani siku mbili yanakauka. Sasa yanakusanywa yote, yanapewa mbio, halafu yanamwagwa kwenye kona ya nyumba nne za chini. Mtaro umeishia pale pale. Mbele yake kuna uchochoro, banda la chipsi, ua wa bibi mmoja, minazi kidogo, ndipo bahari.

Nilikwenda ofisi moja kuuliza. Jibu nililopewa nalinukuu kama lilivyo: "Mtaro ni wa barabara. Barabara imeishia hapo."

Basi nikatoka. Naomba anayejua haya mambo anifafanulie: maji yakishatoka kwenye barabara yanakuwa ya nani? Na huko kwenu mtaro unaishia wapi? Nasema mdomo wake kabisa, pale maji yanapotemwa.

#2 Kobe wa Nianjema

Nimeweka kambi hapa. Kwetu unaishia kwenye kiwanja cha mtu, amekiuza kwa mgeni wakati wa kiangazi 😂

#3 Fundi Mchundo

Mkuu umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Watu wakiletewa mtaro wanauliza urefu na upana. Mdomo hawauulizi.

Nitakupa hesabu ya kijiweni, haihitaji shahada. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotangaza "mvua kubwa" wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Chukua nyumba ya kawaida yenye bati la mita 10 kwa 10: hiyo ni lita 5,000, matangi matano yale makubwa meusi, kutoka kwenye paa moja tu. Weka nyumba 80 zinazoelekea mtaro mmoja: lita 400,000. Maboza 40 ya lita 10,000 yakimwagwa kwenye kona ya nyumba nne. Na hapo sijahesabu barabara wala nyua.

Kuhusu nyua sasa. Miaka ya nyuma ua ulikuwa mchanga na mti wa mwarobaini. Leo kila mwenye uwezo anamwaga zege au anapanga vitofali kuanzia getini hadi jikoni. Bagamoyo ya karibu na pwani ina mchanga unaokunywa maji vizuri, sisi tumeuziba mdomo, tukaanza kulalamika kwamba maji ni mengi.

Halafu angalia makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Nimeona mahali, si Bagamoyo peke yake, juu wameweka kalavati la milimita 900, chini baada ya miaka wakaongezea barabara nyingine wakaweka la 600. Mtu anaona tofauti ya milimita 300 akadhani ni ndogo. Kwa mteremko uleule, la 900 likijaa linapitisha karibu mara tatu ya la 600. Kwa hiyo juu unapokea tatu, chini unapitisha moja, mbili zinakwenda kulala kwa watu.

#4 Bint wa Bondeni

Mimi ndiye nyumba ya chini. Si hiyo ya mleta uzi, ni kitongoji kingine, lakini hadithi ni hiyohiyo, basi nisikilizeni na mimi.

Kwangu ukutani kuna alama ya maji, inafika kwenye swichi ya chini. Kila masika godoro linapanda juu ya kabati, unga unapanda juu ya friji, watoto wanapelekwa kwa shangazi yao. Kwa maji ya mvua peke yake ningesema Mungu ametaka. Lakini kuna watu huko juu wanangoja wingu jeusi kama wakulima. Mvua ikishika kasi wanafungulia vyoo. Maji yanayoniingilia ndani yana harufu, ndugu zangu, na mwaka ule mwanangu wa pili aliharisha siku tano.

Na huo usafi wa mitaro tunaoambiwa. Vijana wanakuja na machepe, wanazoa tope, wanalirundika ukingoni mwa mtaro, wanapigwa picha, wanaondoka. Toroli la kulibeba halipo. Mvua ya kwanza lote linarudi ndani. Mwaka mzima tope linapanda na kushuka kama abiria wa daladala.

Msiniandikie milimita. Niambieni nani wa kumfuata.

#5 Bwana Wee

Wapwani bwana, madimbwi mawili mnaanzisha uzi. Nendeni Jangwani, kule Dar, mkaone mafuriko.

#6 Bint wa Bondeni

#5 wewe umelala pakavu. Aprili 2024 Waziri Mkuu alisimama bungeni akataja watu 155 waliokufa nchi nzima kwa mvua na mafuriko. Wote hao kuna siku walikuwa wanaona "madimbwi mawili".

#7 Mtendaji Mstaafu

Bint, umeuliza nani wa kumfuata. Nimekaa kwenye hizo ofisi miaka mingi, nimetukanwa ya kutosha, acha nieleze bila kumtetea mtu.

Barabara kuu inayotoka Dar kupita Bagamoyo hadi Msata ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na mitaro yake vilevile. Barabara za ndani ya mji ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe. Taka, usafi wa mitaro, vibali vya ujenzi na michoro ya mipango miji ni halmashauri. Chini ya halmashauri kuna mamlaka ya mji mdogo, na chini yake wenyeviti wa vitongoji. Ukikaribia bahari unaingia kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ile inayokataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukikuta mikoko, hiyo ni hifadhi ya misitu, huruhusiwi kukata hata kijiti bila kibali.

Sasa chora mstari kutoka juu ya mtaro wa Mkaa Pwani hadi baharini, uhesabu umepita kwa wangapi. Mhandisi wa barabara ana fedha ya barabara, na akitumia nje ya hifadhi ya barabara mkaguzi anamwandika. Afisa wa mazingira ana gari moja na kata zote. Mwenyekiti wa kitongoji ana muhuri. Kile kipande cha mwisho kati ya barabara na bahari ndicho hakina mwenyewe. Alichoambiwa mleta uzi ofisini kimekaa kijeuri, ila kwa karatasi ni kweli.

Jambo la pili ni kalenda. Watu wanakuja ofisini Aprili na Mei, viatu mkononi, wamelowa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kufika Mei ile bajeti ya Julai imeshapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, imeshapita kwa madiwani, iko Dodoma. Unalilia gari lililokwishaondoka stendi. Ombi la mtaro linatakiwa liwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kitongoji Agosti au Septemba, wakati vumbi linatimka na hakuna anayekumbuka maji. Nimeitisha mikutano ya Septemba mimi. Walikuja watu kumi na moja, na watatu kati yao walifuata kivuli cha mwembe.

#8 Kobe wa Nianjema

Hapo kwenye kivuli cha mwembe nimecheka, ila nilikuwemo.

#9 Ngamiani Namba

Salaam kutoka Tanga, Waja Leo. Nichangie kidogo.

Sisi Ngamiani wakoloni walituachia barabara zilizonyooka zenye namba, ukisema barabara ya 12 hata mtoto anakupeleka. Kwa mitaro hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu njia ya maji na njia ya watu ni moja, na hakuna aliyejenga katikati yake. Halafu Tanga ilikuwa kwenye ule mradi wa miji ya kimkakati wa mkopo wa Benki ya Dunia, barabara za lami zikaja na mitaro yake. Bado ukienda pembezoni, kule watu walikojenga kwanza na mchoro ukafuata, utakuta yaleyale ya Bagamoyo. Mchoro unaonyesha njia ya maji, ardhini pana nyumba ya vyumba sita na msiba wa mwaka jana ulifanyika humo. Nani atakwenda kuibomoa?

Lakini na sisi wenyewe tusijitoe. Mtaro wetu mwaka uliopita uliziba, tukaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulitoa nini? Makumbi ya nazi. Pampasi. Chupa za maji. Matundu mawili ya kuku. Na fremu za maduka kila moja imemwaga kibao cha zege juu ya mtaro ili wateja wapite, hakuna aliyeacha hata tundu la kuingiza chepe. Mita arobaini za mtaro zimefunikwa kama kaburi. Tulivunja vibao vitatu, wenye maduka wawili hawatusalimii hadi leo.

#10 Mkaa Pwani

Mzee Mtendaji, shikamoo. Nimekuelewa, na kusema kweli nilikuja hapa nikiwa na hasira nitafute wa kulaumu.

Acha niseme na la kwangu ambalo sikuliandika pale juu. Zile nyumba nne, moja ni ya mama wa rafiki yangu. Miaka mitatu nyuma maji yalianza kuingia kwangu. Nikafanya kama kila mtu: nikapandisha kizingiti, nikajaza kifusi uani, nikajenga ukuta wa tofali kuzunguka, bila tundu hata moja. Kwangu pakakauka. Sikujiuliza yale maji yamekwenda wapi. Yalikwenda kwa yule mama. Aliniambia mwenyewe, kwa upole kabisa, nilipompelekea futari: "Mwanangu, ukuta wako mzuri, ila umenihamishia kisima."

Wiki ile nilitoboa tofali za chini, matundu sita. Haikutosha, lakini kina kilipungua.

Na barabara nayo. Kila ikichongwa wanamwaga moramu mpya juu ya ile ya zamani. Nyumba ya baba nilipokuwa mdogo ilikuwa na ngazi mbili za kupanda. Sasa unashuka ngazi moja kuingia ndani.

#11 Fundi Mchundo

Hilo la moramu liwekeeni mkazo kwenye mkutano. Greda inatakiwa kwanza ikwangue ile ya zamani, ipate ule mgongo wa katikati, ndipo iongeze panapohitajika. Kumwaga tu juu ni rahisi na kunaonekana kazi imefanyika.

Mteremko nao. Mtaro ukiwa na mteremko wa sentimita 50 kwa kila mita 100, maji yanakwenda na mchanga wake. Ukiwa tambarare, mchanga unabaki na unaugeuza mtaro kuwa bustani ya mabua. Kupima hamhitaji mashine. Chukueni paipu nyeupe ya fundi, mjaze maji, mmoja ashike huku mwingine kule, maji hayasemi uongo. Pimeni kutoka pale mtaro unapoishia hadi ufukweni. Mkienda ofisini na namba zenu mtasikilizwa tofauti na mkienda na kelele.

#12 Nahodha wa Ngalawa

Assalaam aleikum. Nyote mmeongea ya nchi kavu, hakuna aliyeitaja bahari, na mji uko pwani.

Hata mkifikisha mtaro ufukweni, mdomo wake uko kimo gani? Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu inapita mita 3. Na siku hizo maji hujaa saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, hupwa saa nne au saa tano. Mvua kubwa ya jioni ya bamvua ikishuka, mtaro unakuta mlango umefungwa. Bahari inausukuma kwa chini, mvua inausukuma kwa juu. Ndiyo maana kuna siku mvua ndogo inajaza nyumba na kuna siku mvua kubwa inapita salama. Watu wanasema majini. Ni bamvua.

Wanaojenga waangalie mwezi. Mdomo ukiwekwa chini sana, bahari inaingia ndani na mchanga wake. Kuna sehemu wanaweka mlango wa bati zito unaoning'inia, maji ya mtaroni yanausukuma unafunguka, ya bahari yanausukuma unajifunga. Ni kitu cha fundi wa kuchomelea, si cha kuagiza Ulaya. Ila unataka mtu wa kuutoa takataka kila wiki, ukikwama wazi hauna faida.

Na ile mikoko mnayoiona kama vichaka, pale mkondo unapotokea, ndiyo inayoshika tope na kuvunja wimbi. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 tulikuwa tumeshavuta vyombo juu, tukakaa tukitazama. Palipokuwa na mikoko ufukwe ulibaki. Palipokatwa tulikuta ukingo wima kama umekatwa kwa kisu.

#13 Mtendaji Mstaafu

Nahodha umenikumbusha jingine. Vimbunga si wageni hapa. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja na Bagamoyo, wale wamisionari waliofika hapa 1868 wakaangushiwa majengo yao. Kwa hiyo anayesema "haijawahi kutokea" aulize kwanza.

Siku hizi tahadhari zinakuja kwenye simu. Zingatieni ngazi zake: "angalizo", kisha "tahadhari", kisha "tahadhari kubwa". Watu wanazichanganya, wanaliona angalizo likipita bila kitu, basi na tahadhari kubwa wanaidharau.

#14 Bint wa Bondeni

Haya, milimita nimezikubali kwa shingo upande. Nahodha, kumbe ndiyo maana siku ile ya mwezi mpevu mvua ilikuwa manyunyu tu na maji yakafika kwenye jiko. Nilimlaumu mume wangu kwa kuacha bomba wazi. Namdai msamaha, au yeye ananidai, sijui.

Vyoo je? Hakuna aliyenijibu vyoo.

#15 Mtendaji Mstaafu

Vyoo, dada, nenda kwa afisa afya wa kata, na uende naye siku ya mvua, si baada. Ni kosa, na faini ipo kwenye sheria ndogo. Ugumu ni ushahidi, maji yakishapita hayana jina. Picha ya bomba likitoa, saa na tarehe, inatosha kuanzia. Ukiogopa kugombana na majirani, muwe watatu au wanne mnaolalamika pamoja, barua moja, majina yote.

#16 Bwana Wee

Nimesoma hadi hapa, naomba radhi kwa #5. Hivi ile mita 60 na hilo soko la samaki inakuwaje?

#17 Mtendaji Mstaafu

Hilo lifungulie uzi wako kijana, tusichanganye 😄

#18 Mkaa Pwani

Wakuu, mrejesho. Jana tulikwenda watu saba na paipu ya fundi. Kutoka mtaro unapoishia hadi mstari wa maji kujaa tumepata mshuko wa mita 1 na sentimita 30 katika mita 160. Fundi, kwa hesabu yako mteremko upo na unabaki.

Jambo tusilolitegemea: chini ya ile minazi tulikuta kalavati la zamani la zege. Limezikwa na mchanga hadi robo tatu, na juu yake ndipo wavuvi wanapoegesha vyombo vya kutengeneza. Mzee mmoja pale akasema, "Hilo lipo tangu sijaoa." Ina maana aliyekuja zamani alishajua maji yanapita wapi.

Yule bibi mwenye ua amekubali mtaro upite pembeni, upande wa choo, ila mgomba wake usiguswe. Mwenye banda la chipsi amesema atafikiria. Mwenyekiti amesema tumpe barua na vipimo, atavipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mkutano wa kitongoji anauitisha Septemba. Nimemwambia nitahesabu watu na nitapeleka chai.

Kwa sasa tunataka tuzibue lile kalavati wenyewe. Nahodha, lini?

#19 Nahodha wa Ngalawa

Jumamosi hii ni bamvua, maji yatakuwa yamepwa saa nne. Anzeni saa mbili muwahi. Vyombo nitazungumza na wenyewe visogezwe, kimoja ni cha shemeji yangu. Mchanga msiumwage pembeni, muupeleke juu kabisa kwenye minazi.

#20 Bint wa Bondeni

Si kitongoji changu lakini nakuja, nataka nione mdomo wa mtaro kwa macho yangu. Machepe ninayo mawili. Toroli je, lipo safari hii?

#21 Kobe wa Nianjema

Toroli ninalo. Gurudumu limeisha upepo, nitalijaza Ijumaa.